Ubingwa wa upasuaji Marekani kwa daktari aliyesoma Afrika Mashariki: kabla hujalipia Step 1, soma hapa

Mleta mada

Wadau, salaam. Kila ifikapo Machi, wiki ya matokeo ya Match (mgawo wa nafasi za kusomea ubingwa Marekani), madaktari vijana wa Tanzania na Kenya huniandikia kwa wingi, na karibu wote huuliza jambo moja: wapate alama ngapi za Step 2 CK, mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani unaofuata Step 1, ili waingie upasuaji? Nimeona nilijibu kwa urefu hapa, kwa kuwa swali lenyewe linaangalia upande usio wenyewe. Nilisomea udaktari Tanzania, nikafanya intani huko huko, na sasa ninasomea ubingwa wa upasuaji wa jumla katika hospitali moja ya majimbo ya katikati ya Marekani. Hoja yangu ni kwamba, kwa daktari aliyesoma nje, mtihani unaweza kumtoa mtu katika mbio lakini hauwezi kumwingiza. Anayeingiza ni bingwa wa upasuaji anayekufahamu vya kutosha kumpigia mwenzake simu na kumwambia, "Huyu nimefanya naye kazi, mchukueni."

Kwa wasioujua mfumo wenyewe: nafasi za kusomea ubingwa Marekani hugawiwa kupitia NRMP, chombo kilichoanza mwaka 1952. Mwombaji huzipanga hospitali zilizomsaili kwa jinsi anavyozipenda, hospitali nazo huwapanga waombaji, kisha hesabu ya kompyuta iliyosanifiwa upya na Alvin Roth na Elliott Peranson miaka ya 1990 huamua nani aende wapi. (Roth alipewa Nobeli ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley kwa kazi za aina hii.) Hesabu hiyo humpendelea mwombaji, kwa hiyo panga unavyopenda kweli na usipoteze usingizi kukisia hospitali ipi inakutaka. Tatizo letu hutokea kabla ya hapo, kwa maana hospitali ambayo haikukuita kwenye usaili, hata ukiiweka ya kwanza, haitakupata wala hutaipata.

Mwaka 2024 zilitolewa nafasi 41,503. Wahitimu wapya wa vyuo vya Marekani vinavyotoa shahada ya MD walipata nafasi kwa asilimia 93.5, na wasio raia waliosoma nje kwa asilimia 58.5. Hiyo asilimia 58.5 imewapoteza wengi. Sehemu kubwa ya wenzetu waliomo humo wameingia magonjwa ya ndani, tiba ya familia, watoto na patholojia, ambako nafasi ni nyingi na waombaji wa Marekani hawatoshi kuzijaza. Upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu una nafasi takriban 240 kwa mwaka kwa nchi nzima, upasuaji rekebishi una chache kuliko hizo, na mifupa ina takriban 900 ambazo zinagombaniwa na vijana wa huko huko waliofanya vizuri darasani na ambao maprofesa wao wanawajua kwa majina. Katika mifupa, wasio raia waliosoma nje ni wa kuhesabika. Ubongo umekuwa na mlango mpana kidogo kwa wenye miaka ya utafiti, na upasuaji wa jumla ndio wenye matumaini zaidi, ingawa nao una mtego wake, ambao nitaueleza.

Tuje kwenye mitihani. Tangu Januari 26, 2022 Step 1 haina alama, ni kufaulu au kufeli tu. Kabla ya hapo mtoto wa Mbeya au Kisumu aliyepata alama za juu sana aliweza kuonekana hata kama chuo chake hakijulikani. Leo uzito wote umehamia Step 2 CK, ambayo bado ina alama. Kufeli mara moja, hata ukifaulu baadaye, kunatosha kukuchuja katika programu nyingi za upasuaji, kwa hiyo usikae kwenye mtihani "kujaribu bahati". Programu yenye nafasi tano au sita hupokea maombi mamia kwa mamia, na hakuna anayeyasoma yote. Kompyuta huulizwa ichuje kwanza: aliyefeli, aliyehitimu zamani, anayehitaji viza. Ukisalimika hapo ndipo mtu anafungua faili lako, na kitu cha kwanza anachotazama ni nani ameandika barua zako.

Hapa ndipo nataka tukae. Barua ya bingwa wa Muhimbili au KCMC ina thamani, lakini mkurugenzi wa programu huko Ohio hamjui aliyeiandika na hana namna ya kuipima. Anataka barua ya mtu ambaye hukutana naye kwenye mikutano, na barua hiyo hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni elektivu, yaani wiki kadhaa za kufanya kazi katika hospitali ya kufundishia ya Marekani ukiwa bado mwanafunzi. Ukishahitimu mlango huo hufungwa, unabaki na utazamaji tu: unasimama nyuma ya daktari wa usingizi, mikono umeifungia mgongoni ili usiguse kitu chochote kilichotakaswa, unatazama, unaondoka. Mtu aliyekuona umesimama hivyo kwa wiki nne hawezi kuandika lolote la maana juu ya mikono yako. Ataandika kwamba ulikuwa na adabu na uliwahi kufika.

Njia ya pili ni utafiti, na wengi wa wenzetu walioingia ubongo, upasuaji rekebishi au programu kubwa za upasuaji wa jumla wamepitia huko kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi. Watu huusikia utafiti wakadhani ni maabara na hadubini, kumbe sehemu kubwa ni kusoma mafaili. Unafungua faili la mgonjwa aliyekatwa sehemu ya kongosho, unasoma maelezo ya upasuaji, unatafuta kipimo cha amilesi katika majimaji ya mrija siku ya tatu, unaangalia kama alirudishwa thieta, unaandika 1 au 0 kwenye safu, unafungua faili linalofuata. Jioni unaandika rasimu ya makala ambayo jina lako litakuwa la nne. Asubuhi unahudhuria kikao cha vifo na madhara, unakaa viti vya nyuma, na siku moja profesa anauliza takwimu ambayo ni wewe peke yako unayeijua kwa kichwa. Nimeona wengi zaidi waliopata usaili kwa sababu ya siku kama hiyo kuliko kwa sababu ya orodha ya makala. Makala husaidia mlango ufunguliwe, lakini kinachoandikwa kwenye barua ni kwamba mwaka mzima data zako hazikuwahi kukutwa na kosa na kwamba hukukimbia kazi ngumu.

Sasa ubaya wake. Nafasi nyingi za namna hiyo hazina mshahara, au zina posho isiyotosha kodi ya chumba katika mji wa Marekani, na wapo mabingwa wanaokusanya vijana wa nje kumi kwa mpigo kwa sababu ni kazi ya bure. Kabla ya kupanda ndege andika barua pepe na uulize bila haya: nitalipwa kiasi gani, viza ipi, na waliokaa kwako miaka mitatu iliyopita wameingia ubingwa wapi. Asiyejibu swali la tatu amekujibu. Kuna pia matapeli wanaouza nafasi ya jina katika makala. Mbali na kuwa ni udanganyifu, kwenye usaili utaulizwa njia ya utafiti uliyotumia na utaumbuka.

Jambo ambalo vijana wetu hawalitumii ni kwamba baadhi ya hao maprofesa huja wenyewe nyumbani. Weill Cornell, chuo cha udaktari cha New York, ina uhusiano wa miaka mingi na Bugando ya Mwanza, na timu yake ya upasuaji wa ubongo imekuwa ikishirikiana na MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, tangu 2008. UCSF, Chuo Kikuu cha California cha San Francisco, inafanya kazi na Muhimbili na MOI katika mifupa. Duke iko Moshi na KCMC. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayejitolea kukusanya data za ajali za bodaboda kwa mradi wa aina hiyo anatengeneza, akiwa Dar es Salaam na kwa nauli ya daladala, uhusiano ambao mwenzake atautafuta kwa miaka miwili ya kulala sebuleni kwa watu huko ng'ambo.

Kuhusu viza nitasema wazi, kwa sababu mambo yamebadilika. Wengi wetu tumesoma kwa J-1, viza ya mafunzo ya kubadilishana, ambayo mdhamini wake ni ECFMG, taasisi ya Marekani inayothibitisha vyeti vya madaktari waliosoma nje, na ambayo humtaka daktari alete barua ya Wizara ya Afya ya nchi yake inayosema kwamba nchi inauhitaji ubingwa huo na kwamba ameahidi kurudi. Ukimaliza unadaiwa miaka miwili nyumbani, na daktari aliyesomea ubingwa kwa J-1 hawezi kusamehewa kwa barua ya serikali yake ya kutokuwa na pingamizi. Njia ya msamaha inayotumika zaidi ni Conrad 30, ambapo kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka kwa madaktari watakaofanya kazi miaka mitatu penye uhaba. Ukomo wa J-1 ni miaka saba: upasuaji wa ubongo unaimaliza yote, na upasuaji wa jumla wa miaka mitano unakuachia miwili ya ubobezi.

Juni 2025 tangazo la Rais wa Marekani liliwafungia raia wa Somalia na kusimamisha viza za J, pamoja na nyingine, kwa raia wa Burundi. Desemba 2025 orodha ilipanuliwa na Tanzania ikaingizwa katika kundi la vizuizi vya sehemu, vinavyogusa viza za B, F, M na J (za matembezi, masomo na mafunzo) kuanzia Januari 1, 2026. Njia mbadala, viza ya kazi ya H-1B, inahitaji uwe umefaulu Step 3, mtihani wa mwisho wa leseni, na tangu Septemba 2025 maombi mapya ya watu walio nje yamewekewa malipo ya dola 100,000, ambayo hospitali chache sana zitamlipia daktari wa mwaka wa kwanza. Matangazo hubadilika na yana misamaha yake, kwa hiyo soma lile linalotumika siku unayotaka kulipa. Ila kwa Mtanzania wa leo swali la viza linatangulia swali la mtihani, na anayekuuzia kozi ya Step 1 bila kukuambia hivyo hakutakii mema.

Gharama kwa haraka: Step 1 na Step 2 CK kila mmoja unazidi dola 1,000 kwa aliye nje. Maombi, kwa viwango vya msimu wa 2025, yalikuwa dola 11 kwa kila programu hadi ya 30 na dola 30 kwa kila inayoongezeka, kwa hiyo mwenye kuomba programu 100 za fani moja alilipa dola 2,430 kabla hajasikia neno lolote.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji, Mwanza

Shikamoo daktari, na ahsante kwa uzi huu. Mimi niko mwaka wa nne wa MD. Wenzangu wananishauri niahirishe masomo mwaka mmoja nisome Step 1 kwa utulivu. Elektivu nayo naiona ni gharama kubwa kuliko uwezo wa wazazi wangu. Nianze na lipi?

Mleta mada

Marahaba. Usiahirishe chuo kwa ajili ya Step 1 ambayo haina hata alama, isome sambamba na ufaulu mara ya kwanza. Fedha yoyote mtakayoweza kuikusanya nyumbani iwekeni kwenye elektivu moja, hata ya wiki nne, lakini katika idara ambayo umeshaandikiana na mtu wake. Nenda leo ofisi ya utafiti ya hapo Bugando uulize ni miradi gani ya upasuaji inahitaji mkusanya data. Na zungumza mapema na ofisi ya mkuu wa chuo kuhusu barua ya tathmini ya mwanafunzi ambayo Wamarekani huidai kwa kila mwombaji. Vyuo vyetu vingi havina mazoea ya kuiandika, na barua ya nusu ukurasa isemayo "alikuwa mwanafunzi mzuri" inakurudisha nyuma kabla hujafungua mdomo. Wapelekee mfano, na uwaombe kwa upole.

Mchangiaji, Eldoret

Daktari, mimi ni medical officer wa kaunti, nilihitimu miaka minane iliyopita, na katika hospitali yetu ndiye ninayeshughulikia mivunjiko yote kabla mgonjwa hajapelekwa rufaa. Nataka mifupa na si kitu kingine. Je, uzoefu huu hautahesabiwa?

Mleta mada

Ndugu yangu, nitakujibu kama ambavyo ningependa kujibiwa. Katika maombi ya Marekani uzoefu huo hauhesabiwi kama unavyostahili, na ile miaka minane itasomwa kama umbali kutoka darasani. Programu za mifupa humpa mwombaji ishara 30 za kuonyesha anakopenda zaidi, na zile ambazo hazikupata ishara kwa kawaida hazimtazami. Ishara zenyewe haziwezi kufuta mwaka wa kuhitimu. Sisemi haiwezekani, ila ningekuwa na familia na mshahara wa kaunti, nisingeviacha kwa ajili ya miaka mitatu ya utafiti nikiitegemea mifupa. COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, watakuangalia kwa kile unachokifanya leo.

Mchangiaji, Arusha

Naomba nichangie hapo. Mimi ni bingwa niliyepitia COSECSA, na ninashangaa kwamba uzi umeitaja kama pa kukimbilia mtu akishakosa. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1999, makao yake yako hapa Arusha, na mwanafunzi husomea ndani ya hospitali zilizoidhinishwa: mtihani wa MCS wa hatua ya kwanza baada ya miaka miwili, FCS ya ubingwa baada ya mitatu mingine. Katika miaka hiyo nimefungua matumbo yaliyotobolewa na taifodi, hania zilizonyongwa, wajawazito waliopasuka kizazi, wengine usiku nikiwa na muuguzi mmoja na umeme wa jenereta. Mleta mada atuambie, wakati huo yeye alikuwa anajaza sifuri na moja. Tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2015 ilisema watu bilioni tano hawafikiwi na upasuaji salama, wakiwemo wengi wa huku kwetu.

Mleta mada

Mkuu, hilo la sifuri na moja umenipata, na sina ubishi juu ya mikono. Programu za hapa zinamdai mwanafunzi upasuaji mkubwa usiopungua 850 kwa miaka mitano, saa za kazi zimewekewa ukomo wa 80 kwa wiki tangu 2003, na bado wapo wanaomaliza bila kujiamini kufungua tumbo peke yao. Kwa anayetaka kuwa mpasuaji wa jumla atakayefanya kazi Tabora au Kitale, njia yako ndiyo fupi na ndiyo bora, na ningeiweka ya kwanza.

Ninapotofautiana nawe ni kwa anayetaka upandikizaji wa ini, upasuaji wa mishipa ya damu kwa njia ya mirija, au upasuaji wa uvimbe ulioko chini kabisa ya fuvu. Huyo atahitaji kukaa mahali ambapo kazi hizo zinafanyika kila wiki. Hata yeye, hata hivyo, anaweza kwenda akiwa bingwa tayari: Toronto wamekuwa wakiwapokea mabingwa wa nje kwa mwaka mmoja au miwili ya ubobezi, India imewafundisha wengi wetu, na Uingereza ina mpango wa MTI wa hadi miezi 24 unaolenga hasa madaktari wa nchi zenye kipato kidogo. Tofauti ni kwamba ukipitia huko hutasajiliwa kuwa bingwa wa Marekani, kwa sababu bodi yao ya upasuaji hudai mafunzo yaliyofanyika Marekani au Kanada. Hata sheria ya Tennessee ya mwaka 2023, iliyofungua leseni kwa madaktari waliofunzwa nje, haikugusa hilo.

René Favaloro alifika Cleveland mwaka 1962 akiwa ameshafanya upasuaji miaka mingi katika kijiji cha La Pampa, Ajentina. Hakuwa na leseni, akaanza kama mtazamaji. Mwaka 1967 alikuwa anaunganisha mishipa ya moyo kwa njia iliyomletea sifa dunia nzima, na mwaka 1971 akarudi kwao kujenga kituo. Ninamtaja kwa sababu alikwenda akijua ni kitu gani hasa anakifuata, jambo ambalo silioni katika ujumbe mwingi ninaopokea.

Mchangiaji, Nairobi

Kaka, ule mtego wa upasuaji wa jumla hujaueleza, na mimi ndiyo unaonihusu. Mwaka huu sikupata nafasi kamili, nikapata prelimu kwenye mzunguko wa nafasi zilizobaki. Ninaanza Julai 1. Watu wa nyumbani wanasherehekea na mimi sijui nicheke au nilie.

Mleta mada

Hongera dada, na samahani kwa kulisahau. Kwa wengine: nafasi kamili ya upasuaji wa jumla ni mkataba wa miaka mitano. Prelimu ni mkataba wa mwaka mmoja usio na ahadi ya wa pili, na kwa kuwa kila mwaka nyingi hubaki wazi, ndizo zinazotukuta sisi. Unaamka saa kumi alfajiri, unapitia orodha ya wagonjwa, unapima majimaji ya mirija, unafungua vidonda na kuvifunga, unaandika maelezo ya kuruhusu wagonjwa, na wenzako wa nafasi kamili wanaitwa thieta. Wapo waliotoka humo wakawa mabingwa, na wapo waliorudia prelimu mbili, tatu, kisha wakahamia fani nyingine.

Kwa hiyo wiki ya kwanza muulize mkurugenzi wa programu, kwa heshima na ana kwa ana, prelimu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi sasa. Januari kuna mtihani wa ndani wa wanafunzi wa upasuaji, ABSITE, na alama yake ndiyo ya kwanza utakayoulizwa na programu yoyote yenye nafasi ya mwaka wa pili iliyoachwa wazi, basi anza kuusomea Agosti hata ukiwa umechoka. Mchague bingwa mmoja unayefanya naye kazi mara kwa mara na umwambie mapema kwamba utamwomba barua. Nafasi za mwaka wa pili hutokea ghafla, mtu akiacha au akihamia fani nyingine, na huchukuliwa ndani ya siku chache na yule ambaye faili lake liko tayari. Mkataba wako unaisha Juni 30, na baada ya hapo J-1 inakupa siku 30 tu za kufunga mizigo, kwa hiyo barua pepe za kuulizia nafasi zianze kutoka Novemba, usingoje Mei.